Unyayo Ambao Sikuupima

Kipimio changu cha kwanza kilitengenezwa na seremala mmoja wa Lubaga, mtaa wa Kampala nilikopanga, jirani yangu, kwa mbao ya mvule aliyoipiga randa hadi ikawa laini kama shavu. Kilinizidi urefu kwa viganja viwili. Kilikuwa na mistari ya sentimita iliyochomwa kwa msumari wa moto, na mkono wa kuteleza nilioweza kuushusha hadi juu ya utosi wa mtu, juu ya bega lake, au juu ya kiwiko chake. Chuo kilikuwa na kipimio cha chuma kutoka ng'ambo, kikihifadhiwa katika kabati la kioo, lakini ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mtu aliyekuwa likizoni, na likizo yake ilikuwa ndefu. Kwa hiyo nilitembea na mbao yangu ya mvule. Asubuhi za siku za kazi nilishuka nayo kilimani, nikapita Mengo, hadi bonde la Katwe, nikiwa nimeilaza begani kama mtu aendaye kusimika bendera.

Wiki ya kwanza askari polisi alinisimamisha njiani.

"Hiyo mti ya nini?"

"Ya kupima watu, afande."

Aliitazama kutoka juu hadi chini. "Watu wamekosa nini?"

Nilimjibu kwamba hawajakosa kitu, ila nataka kujua viwiko vyao viko umbali gani kutoka ardhini. Alifikiri. "Kale," alisema, ambalo kwa Waganda ni haya, nenda. "Lakini ukishapata hiyo kiwiko, pita hapa uniambie na mimi."

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya ergonomia, yaani taaluma ya kuilinganisha kazi na mwili wa anayeifanya, katika idara ya sayansi ya mwendo wa mwili. Idara ilikuwa changa na ndogo. Wenzangu walisomea wanariadha: mapigo ya moyo ya wakimbiaji, magoti ya wachezaji wa mpira, mabega ya waogeleaji wachache waliopatikana. Mimi peke yangu nilisomea watu wanaofanya kazi wakiwa wameketi, nao wakanipa jina la daktari wa viti. Sikulichukia. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu nchini Kenya, na kwa miaka sita nilikuwa nimewatazama watoto wafupi na vijana warefu wakikunjwa katika madawati ya kipimo kimoja. Nilihisi kwamba ipo elimu fulani ambayo mtu fulani alipaswa kuwa nayo kabla ya kulipigilia dawati la kwanza.

Seminari ndogo nilikolelewa ilitufundisha Kilatini kwa fimbo na Kigiriki kwa huruma. Kwa huruma hiyo nilijua kwamba jina la taaluma yangu limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa kazi na jingine sheria. Niliamini wakati huo kwamba mwenye kuijua sheria amekwisha kuijua kazi. Imani hiyo niliiacha Katwe.

Msimamizi wa tasnifu yangu alikuwa profesa wa Kiganda, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye desturi ya kuivua miwani kabla ya kusema jambo zito na kuivaa tena kabla ya kulisikiliza jibu. Tulizungumza Kiingereza. Siku moja alinikuta barazani nikizungumza Kiswahili kwa simu, akasimama kando hadi nikamaliza.

"Unisamehe," alisema. "Nilipokuwa msichana, lugha hiyo ilitufikia kwenye vizuizi vya barabarani tu, midomoni mwa wanajeshi. Hata leo nikiisikia, mgongo wangu unanyooka wenyewe."

Nilimwomba radhi, akakataa kuipokea, akasema vita vimekwisha zamani na mgongo wake ndio haujaambiwa. Kisha akaniuliza maendeleo ya vipimo.

Vipimo nilivichukua katika uwanja mmoja wa mafundi bati, nyuma ya maduka ya Katwe. Walikuwa mafundi kumi na mmoja, kila mmoja na pahali pake chini ya paa la mabati yaliyobaki kutoka kazi nyingine, wakitengeneza jiko la makaa ambalo Kampala huitwa sigiri. Fundi huketi juu ya kigogo kisichozidi unene wa matofali mawili, magoti yamepanda karibu na kifua, na mbele yake kipo kipande cha reli kuukuu kilichofukiwa nusu ardhini. Bati la mapipa ya mafuta hulazwa juu ya reli, na nyundo hushuka. Mgongo hujikunja kama mshikio wa kikapu, na hubaki hivyo tangu asubuhi hadi kivuli cha ukuta kinapoufikia mlango. Mtu yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha taaluma yangu angeona mara moja kasoro iko wapi. Mimi niliiona siku ya kwanza, kabla sijalitua begi.

Fundi aliyenipokea vizuri kuliko wengine alikuwa Mkongo wa miaka hamsini hivi, aliyevuka mpaka kutoka mashariki ya nchi yake akiwa na mkewe, tindo mbili na nyundo isiyo na mpini. Mpini aliuchonga upya Kampala. Alinipokea kwa sababu tulikuwa na lugha moja, ingawa yake ilipita njia tofauti na yangu. Aliniita mwalimu, mimi nilimwita mzee. Kila alipoinuka kutoka kwenye kigogo chake alishika kwanza ukuta, kisha paja, kisha akabaki ameinama kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu mbili bila haraka.

Wiki ya pili alinieleza jambo lililokuwa likimkabili.

"Mwalimu, mvua inakaribia. Mgongo ukikataa mpaka mvua iishe, minaacha."

"Utafanya nini, mzee?"

"Bugolobi. Kule kwenye magorofa. Muntu wa kwetu, tunasali naye, yeye ni mlinzi pale. Nafasi ya kukaa getini, ananiwekea mpaka mwisho wa mvua."

Nilimwambia, kwa wema wa kitabuni, kwamba pengine kukaa getini kungeupumzisha mgongo. Aliniangalia kama mtu anayeangalia bati lenye ufa.

"Kulinda mlango ya wengine ni kazi, sikatai. Lakini mie niko muntu wa kutengeneza. Jioni minataka kuona kitu ambacho asubuhi hakikuwako."

Kuanzia siku hiyo utafiti wangu ulikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimechora umbo la mtu kwa mbele na kwa nyuma, nikatoa nakala nyingi, na kila Jumamosi nilimwomba kila fundi apake makaa kwenye mchoro pale panapomuuma. Wengine waliupaka mkono, wengine goti. Mkongo alipaka sehemu yote ya chini ya mgongo, akashuka kwenye nyonga na paja, na alipomaliza karatasi ilikuwa nyeusi kiasi kwamba nilipoikunja iliacha alama katika daftari langu, ambayo ipo hadi leo.

Nilimpima kila mmoja vipimo kumi na vinne. Nilifuata utaratibu bila kuruka hatua: mtu avue viatu, asimame wima, visigino na mabega viguse ukuta, atazame mbele, apumue kawaida. Waliona ni mchezo. Aliyekuwa akikaa jirani na Mkongo, Mganda mnene mwenye maneno mengi, alinyoosha mikono kabla sijamwambia.

"Musomesa," aliniita, yaani mwalimu kwa Kiganda, "mimi nataka koti ya mikono mirefu. Na mifuko mbili ya ndani."

"Si ya koti, ssebo," nilimjibu, yaani bwana. "Ni ya meza."

"Meza ya kuvaa?"

Uwanja mzima ulicheka. Mkongo, aliyekuwa amebanwa ukutani na mbao yangu ya mvule juu ya utosi wake, alisema bila kugeuza shingo, "Mie nilizania ananipima sanduku ya kuzikwa. Heri meza."

Niliwapiga pia picha wakiwa kazini, ili nipate pembe ya mgongo. Picha zote nilizipiga kutoka upande wao wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na ukuta na moshi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Lilikuwa ndilo kosa langu, na nililirudia zaidi ya mara mia moja kwa uangalifu mkubwa.

Kutokana na vipimo hivyo nilikokotoa meza: fundi asimame wima, kiwiko kikiwa juu kidogo ya ubao, bati na kipande kidogo cha reli vilale mbele yake. Urefu wake ulikuwa sentimita tisini na nne. Seremala wa Lubaga aliitengeneza kwa miguu minne minene, tukaipeleka Katwe kwa mkokoteni. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopokea shahada ya kwanza.

Mafundi waliikaribisha kwa heshima. Kila mmoja alisimama mbele yake akapiga nyundo mara kadhaa, kama watu wanaoonja chakula cha mgeni. Juma lililofuata nikakuta sigiri tisa zimepangwa juu yake, zikitazama barabarani ili wanunuzi wazione. Juma la pili nikakuta wanakula juu yake posho, yaani ugali, na maharage. Wawili walikuwa wameketi juu ya ubao wenyewe, miguu ikining'inia, wakila kwa raha kabisa.

"Musomesa, meza yako iko mzuri sana," alisema Mganda mnene, mdomo ukiwa umejaa posho. "Sisi tulikuwa nakula chini kama kuku."

Ni Mkongo peke yake aliyeitumia kwa kazi, siku nne mfululizo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haja nayo. Alisimama kama nilivyomwelekeza. Bati lilimkimbia. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akapiga kwa wa kulia, likazunguka; akaliegemeza tumboni, likamchana shati. Mahali pa majiko manne kwa siku alitoa mawili, na moja kati ya hayo mawili lilisimama kwa kuchechemea. Jumamosi ile alipopaka makaa, mgongo ulikuwa umepungua kidogo weusi, lakini mabega yote mawili yalikuwa meusi.

"Umehamisha tu, mwalimu," alisema kwa upole uliozidi kuniumiza. "Ulitoa huku, ukaweka huku."

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ya kwanza ilinyesha Lubaga, na nilipokuwa nikienda misa niliruka madimbwi nikihesabu majuma yaliyombakia Mkongo.

Nilimpelekea profesa majedwali yangu. Yalikuwa nadhifu. Aliyasoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaivua miwani.

"Umewauliza kwa nini hawaitumii?"

"Wanasema bati linakimbia."

"Na wewe umewahi kulishika bati hilo?"

Nikavitazama viganja vyangu.

"Usiniletee jedwali jingine," alisema. "Niletee jiko. Ulilolitengeneza mwenyewe." Kisha akaivaa miwani, nami nikayakusanya majedwali nikatoka.

Jumatatu nilikwenda Katwe bila mvule. Nilimwomba Mkongo anifundishe, akanipa kigogo, nyundo na kipande cha bati kilichokwisha kukatwa. Niliketi kama walivyoketi. Nilipiga mara ya kwanza, bati likaruka likaangukia kwa jirani.

"Limekuja kunisalimia," alisema Mganda mnene akilirudisha.

Nililishika kwa mkono wote, nikapiga, nikajigonga kidole gumba. Mkongo alingoja nimalize kukipuliza.

"Muguu," alisema.

"Mguu gani?"

"Ule wa kushoto. Toa kiatu."

Nilikuwa nimewavua viatu mafundi kumi na mmoja na kuandika kwamba nimewavua. Vyangu sikuwahi kuvivua. Alinishika kifundo cha mguu, akauweka unyayo wangu juu ya ukingo wa bati, kisigino ardhini, kidole gumba upande mmoja wa reli na vidole vingine upande wa pili, akaubana. Kisha akaketi kwenye kigogo chake na kunionyesha wake. Ndipo nilipouona kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeketi upande wake wa kushoto. Unyayo ule ulilikamata bati, ukalizungusha kwa kipimo cha nusu kidole, ukalikaza, nyundo ikashuka, ukalegeza, ukazungusha tena. Mikono miwili ilikuwa ya nyundo na tindo. Ulioishika kazi ulikuwa wa tatu, nao katika picha zangu zote ulijificha nyuma ya goti la kulia.

"Si kushika tu," alisema. "Bati kama halijalala vizuri kwa reli, linakuuma hapa." Aligonga sehemu laini ya unyayo wangu. "Mikono inapiga. Muguu njo unasikia." Njo yake ni ndio ya kwetu.

Mimi nilikuwa nimemsimamisha mtu huyu mbele ya meza, nikamkata mkono mmoja na masikio, kisha nikaandika kwamba anahitaji muda wa kuzoea.

Siku tatu nilijifunza. Jiko langu lilikua polepole na vibaya. Unyayo uliota malengelenge, na mgongo, ambao nilikuwa nimeuandikia sura mbili bila kuupitia, uliniuma hadi ikawa nashindwa kufunga kamba za viatu nilivyokwisha kuona havina kazi. Adhuhuri ya siku ya tatu mvua ilipiga paa na maji yakaanza kuingia uwanjani, kama yanavyoingia kila mara katika bonde lile. Mafundi waliinua vigogo vyao wakajibanza ukutani. Mimi nilikuwa katikati ya kukunja ukingo, na niliogopa kwamba nikiliacha bati litasahau nilipofika. Nikabeba kipande kidogo cha reli nilichokuwa nimekiweka mezani siku zile za matumaini, nikapanda juu ya meza yangu mwenyewe, nikaketi kwenye ukingo wake. Mguu wa kulia niliuacha uning'inie. Wa kushoto niliuweka juu ya ubao, nikabana bati kwenye reli, nikaendelea kupiga.

"Musomesa amepanda meza!" Mganda mnene alipaza sauti kuishinda mvua. "Leo iko mahubiri! Tufungue kitabu gani, ssebo?"

Walicheka wote. Mkongo hakucheka. Alinizunguka akaja upande wangu wa kushoto, maji yakimfika vifundoni, akasimama akitazama. Kisha akaweka kiganja chake chini ya mgongo wangu, pale ambapo yeye hupaka makaa.

"Umenyooka," alisema.

Nilitaka kugeuka nijione. Akanizuia.

"Usishuke. Piga."

Nikapiga. Sasa nililielewa hata kwa lugha ya vitabu vyangu: paja moja likishuka, nyonga hufunguka, na kiuno hakilazimiki tena kujikunja kuyafuata magoti mawili. Kazi ile ilihitaji unyayo mmoja tu. Wa pili tulikuwa tumeufunga bure, wao kwa mazoea ya ardhi na mimi kwa kutouona.

"Sasa shuka," alisema. "Nipishe."

Alipanda kwa taabu, akaketi, akaweka mguu. Alipiga mara tatu. Mara ya nne akasimamisha nyundo hewani. "Reli inaruka. Na huu muguu mwingine unalala, hauna pa kukanyaga." Alinitazama. "Meza ni ndefu, mwalimu. Tuikate."

Nakiri kwamba nilisita. Sentimita tisini na nne zilikuwa sura yangu ya tatu nzima, na kila moja kati yake nilikuwa nimeitetea kwa maandishi. Lakini alikuwa amekwisha kumwita Mganda mnene alete msumeno. Nilirudi Lubaga kesho yake kuichukua mbao ya mvule, nikapima kutoka kisigino cha Mkongo hadi nyuma ya goti lake, akiwa ameketi, kiatu kikiwa mguuni kwa kuwa mguu wa kulia hukanyaga matope. Tukakata miguu ya meza kwa kipimo hicho. Kisha tukatoboa ubao mahali unyayo wake wa kushoto ulipotua, tukapitisha reli ndefu iliyosimama juu ya ardhi yenyewe, kichwa chake kikitokeza juu ya ubao, ili nyundo iipige dunia na si meza. Kazi ilichukua alasiri mbili. Kila nilipotaka kupima mara ya pili, alisema, "Pima, pima, haina shida," akaketi kungoja, na mara moja kipimo cha pili kilionyesha kweli kwamba tulikosea, naye akainamisha kichwa kunishukuru.

Haikuwa miujiza. Jumamosi ya kwanza karatasi yake ilikuwa bado nyeusi, na alilalamika kwamba tako la kulia linachoka. Tukainamisha ubao kidogo mbele. Jumamosi ya pili paja lilikuwa jeupe. Mganda mnene alijaribu akasema kwamba tumbo lake halitaki, akarudi kwenye kigogo. Baada ya siku chache nilimkuta amejijengea kiti cha namna hiyo kwa matofali, kipana zaidi, akadai ni wazo lake. Wengine watatu walimfuata yeye, si mimi. Usiku, chumbani kwangu, niliiandika upya sura ya tatu, na katika orodha ya vipimo kumi na vinne nikaongeza kwa mkono cha kumi na tano: urefu wa unyayo wa kushoto kutoka kisigino hadi kwenye fundo la kidole gumba, na upana ambao vidole vinaweza kuukamata.

Jumamosi ya mwisho ya mvua profesa alikuja Katwe. Nilikuwa nimempelekea jiko langu. Alilizungusha mara mbili mezani pake, likayumba, akasema anataka kumwona mwalimu wangu. Alifika kwa viatu vizuri akavipitisha katika matope bila kuvitazama. Mkongo alikuwa juu ya ubao wake, akipiga. Profesa alisimama mbele yake kwa muda. Nilimwona akinyoosha mgongo, na nikajiandaa kutafsiri.

"Habari ya kazi, mzee?" alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayekanyaga jiwe mtoni.

"Muzuri, mama. Karibu sana."

"Naomba ufanye. Mimi naangalia tu."

Akaenda kusimama upande wa kushoto, bila kuambiwa.

Hapo ndipo alipoingia mlinzi wa Bugolobi, yule aliyesali pamoja na Mkongo, akiwa na sare iliyokunjwa vizuri chini ya kwapa, na tochi juu yake. Alisalimia watu wote. Alisema mvua imekwisha, msimamizi wake anauliza, na kwamba amekuja na sare ili Mkongo aijaribu ukubwa wake.

"Muulize musomesa!" alidakia Mganda mnene. "Yeye ana vipimo yake yote. Hata ya kuzikwa!"

Uwanja ulicheka, na mlinzi akanigeukia kweli, akaniuliza kama naujua upana wa mabega ya Mkongo. Niliujua. Ulikuwa katika daftari, mstari wa sita. Nililifungua nikabaki nimelishika, kwa sababu jibu hilo halikuwa langu kulitoa.

Mkongo alimaliza kukunja ukingo. Aliliinua jiko, akalichungulia ndani, akaliweka chini kando ya mengine. Nilihesabu, lilikuwa la tatu tangu asubuhi na jua lilikuwa halijafika katikati. Kisha akashuka kwenye ubao. Hakushika ukuta, ila paja alilishika. Alibaki ameinama kwa muda wa nusu ya Baba Yetu, akasimama, akamshika mlinzi mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndugu yangu, Mungu akubariki," alisema. "Uliniwekea nafasi, sitasahau. Mwambie atafute muntu mwingine. Mie niko na kazi."

"Mgongo je?"

"Mgongo upo. Tunasikilizana."

Mlinzi alitabasamu, akaihamishia sare kwenye kwapa la pili, akasema basi atanunua jiko, asirudi mikono mitupu. Na wakaanza kubishana kuhusu lipi. Profesa aliivua miwani akaniambia jambo moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba picha za sura ya nne zipigwe upya zote.

Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nilitoa karatasi yenye umbo la mtu. Mkongo aliipokea kabla sijamwomba, akaokota kaa, akafikiri. Alipaka alama moja chini ya mgongo, isiyozidi kifungo cha shati. Akaitazama, akaongeza kidogo upande wa kulia ili awe mkweli. Kisha akanirudishia karatasi, akapanda kwenye ubao, akauweka unyayo wake wa kushoto juu ya bati, akanyanyua nyundo, akangoja niondoke kwenye mwanga wake.